Kupiga Kafi Mbele ya Barafu: Mwongozo wa Safari ya Kayaki Glacier Bay, Alaska

Mtu aliyekulia Tanga au Lamu akifika Glacier Bay, kusini-mashariki mwa Alaska, huona mengi anayoyajua. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, harufu ya mwani ni ileile, na wazoefu wa mahali huitazama bahari kwanza kabla ya kusema lolote. Kisha anatia mkono majini. Maji ya ghuba hii wakati wa kiangazi huwa na nyuzi 5 hadi 10 za Selsiasi; yetu ya pwani ni 25 na kupanda. Tofauti hiyo ndiyo inayopanga kila kitu katika safari hii: nguo utakazovaa, saa utakayoondoka, umbali utakaokaa na barafu, na sababu ya kumsikiliza kiongozi wako hata pale unapodhani unaijua bahari kuliko yeye.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kwenda na kiongozi kwa siku nne hadi sita, akilala kwenye hema ufukweni. Huhitaji kuwa bingwa wa kayaki. Unahitaji mabega ya kupiga kafi kwa saa nne au tano kwa siku, mgongo wa kubeba mizigo juu ya mawe yenye utelezi, na moyo wa kutii.

Pajue kabla hujapaendea

Glacier Bay ina urefu wa karibu kilomita 105 kutoka mlangoni hadi mwisho wa hori zake za juu. Msafara wa baharia Mwingereza George Vancouver ulipopita hapo mwaka 1794, ghuba hiyo ilikuwa bado ni kijihori kifupi tu, na mbele yake ukuta wa barafu. Mwandishi wa mambo ya asili John Muir alipofika mwaka 1879, kwa mtumbwi na wenyeji wa Kitlingit, barafu ilikuwa imekwisha kurudi nyuma zaidi ya kilomita 60. Utakapopiga kafi leo utakuwa unapita juu ya maji ambayo miaka 250 iliyopita yalikuwa barafu tupu.

Barafu hiyo huitwa barafuto: mto wa barafu unaoshuka polepole kutoka milimani, ukisukumwa na uzito wa theluji iliyorundikana juu yake mwaka baada ya mwaka. Baadhi ya barafuto, kama Margerie na Johns Hopkins, hushuka hadi baharini na kumegeka majini. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua barafu kwa kuitazama juu, kileleni Kilimanjaro, Kirinyaga na Ruwenzori. Hapa utaitazama kutoka usawa wa bahari, ukiwa umekaa chini kuliko mtu aliyeketi kwenye mkeka.

Wenyewe wa nchi hii ni Watlingit wa Huna. Waliishi katika bonde lililokuwa hapo mpaka barafu ilipowafukuza katikati ya karne ya 18, wakahamia ng'ambo, mahali paitwapo Hoonah. Katika lugha yao ghuba hii inaitwa kwa maneno yenye maana ya ghuba iliyokaa mahali pa barafuto. Mwaka 2016 walifungua nyumba yao ya ukoo, Xunaa Shuká Hít, pale Bartlett Cove, kwenye makao ya hifadhi ya taifa ya Glacier Bay. Ingia humo kabla ya kuingia majini. Mgeni hupiga hodi kwanza.

Msimu na kiongozi

Safari hufanyika kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Septemba. Mei na Juni mvua hupungua kidogo, ingawa nchi hii haina mwezi wa kuaminika. Mwishoni mwa Juni jua huchwa karibu saa nne usiku na kuchomoza karibu saa kumi alfajiri, na giza totoro haliingii kabisa. Chukua kitambaa cha kufunika macho. Kumbuka pia kwamba hori ya Johns Hopkins hufungwa kwa vyombo vyote Mei na Juni, kwa sababu sili huzalia juu ya mapande ya barafu. Ukitaka kuiona, nenda Julai au Agosti, na ujiandae kwa mvua na usubi.

Kabla hujalipa, muulize mwenye kampuni maswali haya, na usikubali majibu ya juujuu:

1. Kiongozi mmoja anachukua wageni wangapi, na ana mafunzo gani ya huduma ya kwanza mbali na hospitali?
2. Anabeba redio ya baharini na simu ya setilaiti? Ukitoka Bartlett Cove kwenda juu, simu ya mkononi haina kazi.
3. Mnatoa nguo gani za kukinga maji, na zipo za kipimo changu?
4. Kayaki ni za mtu mmoja au za wawili? Kwa mwanafunzi, ya wawili ni thabiti zaidi na haimwachi mtu nyuma.
5. Hali ya hewa ikituzuia ufukweni siku mbili, ratiba na chakula vinaruhusu?

Swali la tano ndilo linaloonyesha kiongozi wa kweli. Anayejibu kwamba ratiba haibadiliki, muage kwa heshima utafute mwingine.

Kufika kwenyewe ni safari. Juneau, mji mkuu wa Alaska, haina barabara inayoiunganisha na miji mingine. Watu wengi huruka kutoka Seattle. Kutoka Juneau unapanda ndege tena hadi Gustavus, chini ya nusu saa, au feri. Gustavus hadi Bartlett Cove ni kilomita 16 za barabara. Kutoka hapo boti ya hifadhi hubeba watu na kayaki hadi ndani ya ghuba, ikawashusha mahali palipopangwa kwa mwaka huo, ili msimalize siku zenu zote kabla ya kuiona barafu. Anayehitaji viza ya Marekani aanze kuishughulikia miezi mingi kabla. Weka siku moja ya akiba kila upande, kwa maana ukungu huzuia ndege. Na kata bima inayolipia kutolewa porini kwa helikopta.

Baridi ndiyo hatari ya kwanza

Wageni wengi huogopa dubu. Waogope dubu kwa kiasi chao, lakini ujue kwamba maji ndiyo ya kuhofia zaidi. Gordon Giesbrecht, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, amefundisha kanuni rahisi ya kukumbuka kwa mtu aliyeanguka katika maji ya baridi sana: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika 1 ya kwanza mwili unashtuka na pumzi inakimbia. Kazi yako ni kutulia na kuitawala pumzi. Dakika kama 10 zinazofuata mikono bado inashika. Ndani ya hizo uwe umerudi chomboni. Baadaye vidole havitii. Mpaka kuzimia kwa baridi inaweza kufika saa 1, ikiwa kitu kinakushikilia uelee.

Kwa hiyo kujua kuogelea peke yake hakukuokoi. Mzamiaji hodari wa Pemba na mtu asiyejua kuogelea kabisa, wote wawili watashindwa na maji haya wasipovaa jaketi okozi. Livae kabla hujakanyaga kayaki, lifunge mpaka likubane, na usilivue mpaka uwe umesimama nchi kavu.

Kuhusu nguo, kanuni ni moja: pamba ibaki nyumbani. Pamba ikilowa hukaa na maji na kuunyonya mwili joto. Vaa sufu au nguo za nyuzi za kiwandani zinazokauka haraka, tabaka juu ya tabaka, na juu yake koti na suruali za mvua. Kofia ya sufu ni ya lazima. Miguuni, buti za mpira zinazofika karibu na goti. Wenyeji wa Alaska huzivaa hata dukani. Seti moja ya nguo kavu kuanzia soksi hadi fulana iwe ya kulalia tu. Ifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji na usiivae mchana, hata kama umelowa na unatetemeka: hiyo ndiyo akiba yako ya usiku.

Jifunze kupinduka ukiwa karibu na ufukwe

Siku ya kwanza kiongozi atawafundisha kutoka kwenye kayaki iliyopinduka. Usione haya kuomba kurudia. Kiunoni utavaa sketi ya kayaki, kitambaa kisichopitisha maji ambacho ukingo wake hunasa kwenye tundu la kukalia ili mawimbi yasiingie. Mbele yake pana kitanzi. Kitanzi hicho lazima kila mara kiwe nje, kinaonekana na kinashikika. Ukikifunika ndani, umejifungia mlango.

Ukipinduka, inama mbele kama mtu anayesujudu. Papasa ukingo wa tundu mpaka upate kitanzi, kisukume mbele kisha ukivute juu. Sketi ikiachia, weka mikono miwili kando ya nyonga na ujisukume nje kama unavyovua suruali iliyobana. Ukitoka, shika kayaki na shika kafi. Kayaki huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Wenzako watakuja, wataimwaga maji, na kiongozi atakuambia namna ya kupanda tena. Ukifanya zoezi hili mara mbili, hofu hupungua kwa nusu, na utapiga kafi kwa mikono iliyolegea badala ya kuikaba kama mtu anayening'inia.

Kupiga kafi nako kuna siri: nguvu itoke kiunoni na mgongoni, mikono ifuate tu. Siku ya kwanza ukimaliza viwiko vinauma, unavuta kwa mikono. Mwambie kiongozi akutazame.

Maji kujaa na kupwa

Hapa ndipo ninapokuomba usome taratibu, kwa kuwa ndipo nilipokosea mimi.

Kwetu Tanga, bamvua kubwa huinua maji karibu mita 4. Glacier Bay tofauti kati ya kujaa na kupwa yaweza kufika mita 7.6. Jioni ya pili tulifika kambini maji yamepwa, tumechoka. Mimi na mwenzangu tulivuta kayaki yetu hatua thelathini hivi, tukaiweka juu ya mawe makavu, na nikaona inatosha. Nilipima kwa jicho la nyumbani. Kiongozi alikuja akasimama karibu nami. Hakunigombeza. Aliniomba niyaguse yale mawe makavu. Chini yake yalikuwa na chaza wadogo na mwani mbichi. Kisha akanionyesha juu, mbali, mstari wa mwani mweusi uliokauka ukichanganyika na vijiti, na juu ya mstari huo majani yanayoanza kuota. Huko ndiko maji yanakofika. Tuliinyanyua kayaki watu wanne tukaipeleka mpaka kwenye majani, tukaifunga kwa kamba kwenye jiwe kubwa. Saa saba usiku nilitoka hemani nikaikuta bahari imetulia pale nilipokuwa nimeiacha kayaki mwanzoni.

Basi shika haya. Kila jioni tafuta mstari wa mwani uliokauka, kisha panda juu yake zaidi. Jua kama siku hiyo ni ya bamvua au ya maji mafu, maana mstari wa juzi si wa leo. Funga kayaki hata pasipo upepo: meli kubwa za watalii huingia ghubani, zisizozidi mbili kwa siku, na mawimbi yake hufika ufukweni dakika nyingi baada ya meli kupotea machoni.

Mchana nako panga safari kwa maji. Kwenye milango myembamba mkondo huenda kwa kasi ya kumshinda mpiga kafi. Subiri uwe pamoja nawe. Ondokeni asubuhi mapema, kwa sababu alasiri upepo huamka, na mbele ya barafuto hewa nzito ya baridi huweza kushuka ghafla kutoka juu. Kiongozi akisema leo hatutoki, usimhesabie siku uliyolipia. Pasha chai.

Kambi, chakula na dubu

Hapa wapo dubu weusi na dubu wa kahawia, na wote hutembea ufukweni kutafuta chakula. Kambi hugawanywa mahali patatu: pa kulala, pa kupikia, na pa kuhifadhia chakula. Hema liwe mbali na jikoni na ghala kwa karibu mita 90 au zaidi.

Mnapika na kula ufukweni, chini ya mstari wa maji kujaa, ili bahari ikija ifute makombo na harufu. Chakula chote hukaa ndani ya makopo magumu ambayo dubu hawezi kuyafungua. Na chakula hapa kina maana pana: dawa ya meno, sabuni, mafuta ya mdomo, pipi iliyosahaulika mfukoni. Kila usiku kabla ya kulala jipekue kama askari anavyompekua mtu getini. Nguo uliyopikia samaki isiingie hemani.

Mkitembea vichakani, nendeni pamoja na mpige kelele. Imbeni taarabu kama mnaijua. Dubu akiwaona, msikimbie. Simameni pamoja, semeni naye kwa sauti ya kawaida, na mrudi nyuma taratibu. Dawa ya kupuliza ya kumfukuzia dubu hairuhusiwi kwenye ndege, wala gesi ya jiko. Zote mtapata huko.

Kama huli nguruwe, au unahitaji nyama ya halali, mwambie mwenye kampuni tangu siku ya kulipia, maana menyu hufungwa mapema na hakuna duka njiani. Anayeswali ajue kwamba kwa njia fupi ya kuizunguka dunia, kibla kutoka huko kiko karibu kaskazini moja kwa moja, kimeegemea mashariki kidogo tu.

Choo ni ufukweni pia, kwenye sehemu inayofunikwa na maji kujaa, mbali na kambi na vijito. Karatasi unaondoka nayo. Maji ya kunywa hutoka vijitoni; yachemshwe au yachujwe, hata yakiwa safi kama kioo.

Mbele ya barafuto

Siku ya kufika kwenye barafu utaisikia kabla ya kuiona. Maji hubadilika yakawa meupe kama tui, kwa unga wa mawe yaliyosagwa na barafuto. Vipande vya barafu huanza kupita pembeni. Simamisha kafi usikilize: vinalialia kama mafuta yaliyoanza kushika moto kikaangoni. Ni hewa iliyobanwa ndani ya barafu tangu zamani, inatoka povu kwa povu. Kipande kikubwa hung'aa buluu, kwa kuwa barafu iliyoshindiliwa humeza mwanga mwekundu na kuachia buluu ipite.

Kisha ukuta wenyewe. Uso wa Margerie una upana wa karibu kilomita 1.6, na kimo kama cha jengo la ghorofa ishirini. Bamba likimegeka utaliona linaanguka kimya, halafu ndipo mlio unakufikia. Wenyeji wa Kitlingit huuita ngurumo nyeupe.

Umbali ndio usalama. Viongozi wengi hawasogei karibu zaidi ya mita 800, na chini ya mita 400 pasijadiliwe. Barafu haianguki kutoka juu tu: mapande huchomoka pia chini ya maji na kuibuka mbele ya ukuta bila onyo. Wimbi likija, geuza omo ulikabili, endelea kupiga kafi, usijaribu kulikimbia kuelekea ufukweni, kwani huko ndiko linakovunjika. Pande linaloelea usiliguse wala usilipande. Karibu sehemu tisa za kumi ziko chini, na hupinduka wakati wowote.

Sili wakiinua vichwa kukutazama, umekwisha kuwakaribia mno. Rudi nyuma. Mama akitumbukia majini kwa hofu, mtoto hubaki juu ya barafu peke yake. Nyangumi nao hupewa nafasi: ndani ya hifadhi chombo hakiruhusiwi kumsogelea nyangumi mwenye nundu chini ya robo ya maili ya bahari, karibu mita 460. Akiibuka mwenyewe karibu nawe, acha kupiga kafi, gonga ubavu wa kayaki ili ajue ulipo, na umwache apite.

Mizigo kwa ufupi

- Jaketi okozi, sketi, kafi na kayaki: kwa kawaida kampuni hutoa. Uliza.
- Nguo za sufu au nyuzi za kiwandani, tabaka tatu, koti na suruali za mvua, kofia mbili, glavu jozi mbili.
- Buti za mpira, na viatu vyepesi vya kambini.
- Begi la kulalia linalohimili nyuzi 0, na godoro la kujaza hewa.
- Mifuko isiyopitisha maji, mingi midogo kuliko mmoja mkubwa. Kayaki ina matundu membamba.
- Neti ya kichwa kwa ajili ya usubi na mbu.
- Miwani ya jua na losheni, maana mwanga hurudi kutoka kwenye maji na barafu.
- Dawa zako zote, nusu zikae kwa mwenzako.

Kanga au kikoi kimoja kinaruhusiwa, kikae ndani ya mfuko wa nguo kavu. Nilijifunika changu kila usiku juu ya begi la kulalia.

Jioni ya mwisho

Tulipofika kambi ya mwisho, chini ya hori, miti ilikuwa mirefu kuliko ile ya juu. Ukiitazama kutoka kichwani hadi mlangoni, ghuba hii ni kama mtu na ukoo wake: kwenye barafu mawe matupu, kisha ukoga, kisha vichaka, kisha msitu, kwa kadiri ardhi ilivyofunuliwa mapema. Na ardhi yenyewe bado inainuka, sehemu nyingine karibu sentimita 3 kwa mwaka, kwa kuwa umeondolewa mzigo uliokuwa mgongoni mwake.

Tulishusha mizigo. Kabla ya kufungua hema nilitembea ufukweni nikautafuta mstari wa mwani mkavu, nikaupita mpaka kwenye majani, nikamwita mwenzangu tushikane tuinyanyue kayaki. Kiongozi alikuwa anawasha jiko. Alitutazama mara moja, akaendelea kupika.